Chura wa Kihansi na Mtoto Asiyesema

Kuna chura mmoja mdogo, mkubwa wao hafiki urefu wa sentimita tatu. Rangi yake ni ya manjano. Hatagi mayai kama hawa vyura wa kwenye madimbwi yetu, anazaa watoto ambao tayari ni vyura kamili. Na katika dunia nzima, pamoja na ukubwa wake wote, huyu chura alikuwa na nyumba moja tu: chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mahali ambapo maji yalikuwa yakianguka, yakipiga mwamba na kurusha rasharasha usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Wataalamu walimkuta pale mwaka 1996. Wakati huo mradi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza.

Yaliyofuata wengi wetu tumeyasikia nusu nusu, aghalabu kwa kejeli. Mwaka 2000 mtambo ulipokuwa tayari, sehemu kubwa ya maji ya mto ikaelekezwa kwenye umeme. Rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 wakapakiwa kwenye ndege wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, baadaye na kwingine. Huku nyumbani yakatandazwa mabomba bondeni, yenye matundu madogo, yanyunyize maji kama yale ya zamani. Mwaka 2003 vyura waliobaki bondeni walionekana kwa maelfu, watu wakashangilia. Mwanzoni mwa 2004 wakawa wa kuhesabu kwa vidole. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ulikuwa umeingia. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura huyu ametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa kwa ndege, wakatunzwa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kuachiwa bondeni kwao.

Kijiweni kwetu habari hii bado inachekesha. "Yaani hela yote hiyo kwa chura, na sisi umeme unakatika!" Hoja hiyo si ya kijinga, nitairudia. Lakini mimi kilichoninyima usingizi ni neno moja lililotumika mwaka 2009: ametoweka. Ametoweka vipi, wakati kule Marekani yupo ndani ya sanduku la kioo, anakula, anazaa? Moyo unapiga. Anahesabika. Kumbe kuna kuwa hai na kuna kuwa hai mahali pako, na wenye fani yao wameona tofauti ni kubwa kiasi cha kuiandika kwenye vitabu vyao kwa jina lake.

Basi swali langu, ndugu msomaji, ni hili. Unapotaka kumsaidia kiumbe dhaifu, unamtoa pale alipo ili umtengeneze, au unatengeneza pale alipo? Na nani anaamua, kama huyo anayesaidiwa hana sauti ya kusema nataka au sitaki?

Mimi si daktari wala mtaalamu wa wanyama. Nimemaliza kidato cha nne, naandika riwaya ambayo mpaka sasa ina sura sita na haina mwisho. Swali hili limenijia kwa sababu nyumbani kwetu Mbagala kuna mtoto wa dada yangu, ana miaka minne na nusu, na hasemi. Bubu siye. Analia, anacheka, anavuta gauni la mama yake mpaka kwenye mtungi. Maneno ndiyo hayaji.

Najua kuna atakayechukia. Mtoto wa watu unamfananisha na chura! Chuki hiyo naielewa, tena ina haki yake. Mtaani kwetu mtoto asiyesema huitwa majina ya wanyama waziwazi, na kuna nyumba ambazo mtoto wa namna hiyo hufungiwa chumba cha uani mgeni akija. Lakini tazama vizuri ninachofananisha. Simfananishi mtoto na mnyama. Nafananisha msaidizi na msaidizi. Wahifadhi wa wanyamapori wamekosea hadharani, kwa miaka mingi, mbele ya kamera, na makosa yao yameandikwa. Wanaofundisha watoto kusema wanafanya kazi chumbani, kimya kimya, na kwetu ni wachache mno. Ukanda huu wa Afrika Mashariki shahada ya fani hiyo ilianza kufundishwa Makerere mwaka 2008 tu. Si vibaya fani changa ikachungulia daftari la jirani.

Dada alianza na ushauri wa mtaani, kama kila mama. Huyu akasema mtoto akatwe kimeo. Yule akasema akatwe kile kikano cha chini ya ulimi. Bibi akasema, "Mwacheni mjukuu wangu, babu yake naye alichelewa, mbona baadaye alikuwa hanyamazi?" Dada hakukubali kisu. Alikwenda hospitali, na kule wakafanya jambo la kwanza ambalo kila mzazi anastahili kufanyiwa: wakampima mtoto masikio. Mtoto asiyesikia vizuri atasemaje? Homa ya uti wa mgongo inaweza kuondoka na masikio, na utafiti wa Kilifi umeonyesha malaria kali ya kichwani huwaachia baadhi ya watoto matatizo ya lugha hata baada ya kupona. Masikio ya mpwa wangu yalikuwa mazima. Ndipo akaelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, mjini, mara moja kwa wiki, dakika arobaini, daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Miezi mitatu. Na mle chumbani, bwana, mtoto alianza kusema! Kuna kapeti, kuna mdoli, kuna dada mpole mwenye subira, na mtoto akatamka "maji", akatamka "mpira", akatamka hata "nipe". Dada alilia siku ile. Kisha wakapanda daladala, wakafika Mbagala, na mtoto akarudi kwenye kuvuta gauni.

Wanaofanya kazi hii wanalijua jambo hilo, si la mpwa wangu peke yake. Mtoto hujifunza neno chumbani na neno likabaki chumbani, pamoja na kapeti na mdoli. Halikuwa kosa la yule mtaalamu. Alifanya alichoweza ndani ya dakika arobaini. Lakini mimi nilipomwona mtoto amekaa kimya kwenye kizingiti jioni ile, nilimwona yule chura wa kwenye kioo. Maneno yake yalikuwa hai, ila yalikuwa hai New York.

Kuna kisa kingine, cha Tsavo, ambacho nakiona kikubwa kuliko cha chura. Daphne Sheldrick alijaribu kwa miaka mingi kulea watoto wa tembo walioachwa yatima wakiwa bado wananyonya, na walikuwa wakimfia, kwa sababu tumbo lao halikubali mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Alipogundua kuwa mafuta ya nazi yanafaa, mtoto mmoja wa kike aliyempa jina la Aisha akaanza kunawiri. Aisha alimganda Daphne, wakawa kitu kimoja. Kisha ikafika harusi ya binti wa Daphne, mama akalazimika kusafiri. Aisha akakataa kula, akafa. Maziwa yalikuwepo. Chupa zilikuwepo. Mtu wa kumpa alikuwepo. Aliyekosekana ni yule mmoja.

Kuanzia hapo utaratibu ukabadilika. Watoto wa tembo wanaolelewa na taasisi aliyoianzisha mwaka 1977 hupokezanwa na walezi wengi. Usiku mlezi hulala nao, lakini leo huyu, kesho yule, ili mtoto aipende familia nzima, asimpende mtu mmoja. Wakikua hupelekwa Tsavo, na huko taratibu, kwa miaka, wanachanganyika na tembo wa porini. Wengine wamekuja kuonekana wakirudi kuwatembelea walezi wao wakiwa na watoto waliowazaa porini.

Mimi nikisoma kisa cha Aisha naogopa. Sisi tunasifu upendo wa mtu mmoja. Riwaya zetu zote, na hii yangu ya sura sita, zimejaa huyo mmoja: mwalimu mmoja aliyemwokoa kijana, mama mmoja aliyejitoa mhanga. Kisa cha Tsavo kinasema kwamba upendo wa namna hiyo unaweza kuwa kamba shingoni. Mtaalamu bora kuliko wote, kama mtoto anasema naye tu, hajamfungulia mtoto mlango, amekuwa yeye ndiye mlango. Kwa hiyo kipimo cha kazi yake si maneno mangapi mtoto anasema mbele yake. Ni maneno mangapi anasema asipokuwepo. Na hicho ni kipimo kigumu kwa binadamu yeyote mwenye moyo, kwa sababu kinamtaka afurahie kutohitajika.

Hapa ndipo penye jambo la kutia moyo. Tangu miaka ya 1970 kule Montreal, Kanada, kuna mama mmoja, Ayala Hanen Manolson, aliyeanza kuwafundisha wazazi badala ya kuwachukua watoto. Mpango wake unaitwa Hanen na umeenea nchi nyingi. Moja ya mafunzo yake ya mwanzo kabisa kwa mzazi ni mambo matatu: tazama, ngoja, sikiliza. Basi. Kaa chini usawa wa macho ya mtoto, tazama anachoshughulika nacho yeye, usimpachike chako. Akionyesha kidole kwa kuku, sema "kuku", ngoja. Ngoja zaidi ya unavyodhani ni lazima.

Ukisoma namna Jane Goodall alivyoanza Gombe mwaka 1960 utakuta kitu hichohicho. Sokwe walimkimbia kwa miezi. Alichofanya ni kukaa juu ya kilima, siku baada ya siku, mahali pamoja, mpaka wakamzoea. Halafu baadaye wakaanza kuwapa sokwe ndizi ili waje karibu, na ndizi zikaleta balaa: sokwe wengi wakakusanyika mahali pamoja, ugomvi ukazidi, ikabidi ndizi zipunguzwe. Nawaona akina mama wanaoshika pipi mkononi, "Sema pipi! Sema pipi nikupe!" Mtoto anajifunza kugombania pipi. Lakini tuendelee.

Ipo hoja ya simu, na hii siwezi kuipita haraka, maana kila nyumba yetu ya kupanga sasa ina mtoto ameshikishwa simu yenye katuni za Kiingereza, na mama anasema kwa fahari, "Anajifunza." Huko Seattle, mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio lao juu ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilichezewa na watu wanaosema Kichina, ana kwa ana. Wengine waliona na kusikia watu haohao kwenye televisheni, au sauti tu. Waliochezewa na watu wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni, wapi! Walikuwa sawa na ambao hawakusikia Kichina kabisa.

Sasa sikia habari ya ndege. Kusini-mashariki mwa Australia yupo ndege mnywa mbochi wa maua, mweusi mwenye madoa ya njano, aliyebaki kwa mamia machache tu. Ndege dume huyu hazaliwi na wimbo wake, anaufunza kwa kuwasikia madume wakubwa. Mwaka 2021 watafiti walieleza kuwa kwa sababu wamekuwa wachache na wametawanyika, madume vijana wengine hukua bila kumsikia mzee hata mmoja. Karibu dume mmoja kati ya wanane anaimba nyimbo za ndege wa aina nyingine, wake hana. Na madume hao majike hawawataki kama wengine, kwa hiyo hata kuzaa hawazai ipasavyo. Yule ndege ana koo zima, ana mapafu mazima. Kilichokosekana ni mzee wa kumwimbia.

Nilipomsimulia dada habari hii jikoni alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo mdogo wangu unasema ni mimi sikumsemesha?"

Hilo ni swali zito kuliko yote kwenye makala hii, na nataka lijibiwe kwa uangalifu, kwa sababu akina mama wengi wameumizwa nalo. Jibu ni hapana. Wapo watoto waliosemeshwa tangu siku ya kwanza na bado maneno hayakuja. Katika nyumba moja, mama mmoja, sahani moja, mtoto wa kwanza anasema kama chiriku na wa pili kimya. Mambo mengi ya lugha yamo ndani ya mwili, kwenye ubongo, mengine yanarithiwa. Yule chura wa Kihansi shida yake ilianza nje, maji yalikatwa. Mtoto shida yake mara nyingi imeanza ndani. Hapa mfano wangu unachechemea na nakubali. Ila jambo moja halibadiliki: iwe shida imeanza ndani au nje, dawa inapaswa kufika pale mtoto anapoishi. Mama anaweza kuwa sehemu kubwa ya dawa bila kuwa hata chembe ya ugonjwa. Watu huchanganya mambo haya mawili, na wakiyachanganya, mama aliyechoka hubebeshwa mzigo wa pili.

Na hata hiyo dawa kwa nini iwe ya mama peke yake? Nyumba yetu ina vyumba sita na wapangaji kumi na saba. Hiyo ni hazina ambayo Montreal hawana! Asubuhi mama ntilie wa chumba cha tatu anakaanga maandazi, mchana kuna fundi redio, jioni kuna watoto wanane uwanjani. Tulipowaeleza, kila mmoja akapewa neno lake moja. Fundi: "washa". Mama ntilie: "moto". Mimi nikapewa "karatasi". Hakuna anayemlazimisha mtoto. Unalisema kila kitu hicho kinapotokea, basi, unangoja. Kama walezi wa Tsavo, leo huyu, kesho yule.

Kuhusu lugha yenyewe nina la kusema na wenye shule. Shule moja ya awali, jina nalihifadhi, ilimwambia dada kwamba mtoto amechanganywa na lugha mbili, Kiswahili chetu na Kisukuma cha bibi, kwa hiyo nyumbani kisemwe Kiingereza tupu. Nyumba nzima Kiingereza tulichonacho ni changu cha kidato cha nne. Wataalamu wa leo hawaungi mkono ushauri huo. Lugha mbili hazimpi mtoto ugonjwa wa lugha, na kumnyang'anya lugha ya bibi ni kumnyang'anya bibi. Mimi nikakumbuka sangara. Miaka ya 1950 walimpandikiza sangara katika Ziwa Viktoria, samaki mkubwa, wa faida. Faida ikapatikana kweli, viwanda vya minofu Mwanza si hadithi. Na furu, wale samaki wadogo ambao ziwa lilikuwa nao aina mamia, wakaliwa, aina nyingi zikatoweka moja kwa moja. Sisemi Kiingereza ni kibaya. Nasema anayemwaga samaki mpya ziwani aulize kwanza nani anaishi humo.

Niliahidi kurudi kwenye hela. Jamaa yangu mmoja, mtu wa hesabu, aliniambia: "Watoto wenye malaria wanakosa dawa, wewe unataka daktari wa kusemesha mtu." Ni hoja ileile ya chura. Wengi hujibu kwa kutafuta faida: chura ataleta watalii, mtoto atakuwa nguvu kazi ya kesho. Mimi majibu hayo siyapendi. Ukishakubali kwamba chura anastahili kuishi kwa sababu ya watalii, watalii wasipokuja umemuua. Ukishasema mtoto afundishwe kusema ili alipe kodi, ukikutana na mtoto ambaye hatalipa kodi kamwe utasemaje? Chura alikuwa pale kabla yetu, hakumkosea mtu. Sisi ndio tuliochukua maji. Umeme tuliuhitaji, sawa, nami naandika haya kwa taa ya umeme. Lakini ukichukua maji ya mtu unadaiwa, na deni halipimwi kwa sura ya mdai. Mtoto naye anatudai, kwa sababu dunia tuliyomleta tumeijenga yote kwa maneno: dukani maneno, shule maneno, polisi maneno. Anayeishi humo bila maneno tumemkatia maji hata kama hatukukusudia.

Na wakati mwingine wa kutibiwa si yeye. Sotoka ilipoingia huku mwishoni mwa karne ya kumi na tisa iliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Baadaye, miaka ya 1950 na 1960, wakachanjwa ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti. Nyumbu hakuna aliyemkamata kumchoma sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Miaka ya 1970 ilipokuwa inakwisha walizidi milioni. Walichanjwa majirani, nyumbu wakapona. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kwisha duniani kote.

Fikiria mtoto mwenye kigugumizi. Darasani kwetu alikuwepo mmoja, kijana hodari wa hesabu, akisimama kujibu darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu anasema, "Haraka bwana, tuna vipindi vingine." Kigugumizi hakiletwi na kicheko, kina mizizi yake mwilini. Lakini kicheko ndicho kilichomfanya aache kunyoosha mkono, halafu aache kuja Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya kusoma kwa sauti. Ukampeleke kijana yule kwa mtaalamu mwaka mzima, umrudishe kwenye darasa lilelile, umefanya nini? Wanafunzi arobaini na mwalimu mmoja ndio waliohitaji chanjo. Ni rahisi zaidi pia. Kumfundisha mtu kungoja sekunde tano mwenzake amalize neno hakuhitaji dola za mfadhili.

Lakini sasa lazima niseme mahali ambapo uhifadhi wenyewe una doa, na doa hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti ili wanyama wahifadhiwe, wakahamishiwa Ngorongoro. Waliochora mpaka walikuwa na nia ya kuokoa kitu. Walioishi pale walikuwa na midomo na hawakusikilizwa. Je, asiye na mdomo kabisa? Chura hawezi kusema nipelekeni au niacheni. Tunamwamulia kila kitu, na pengine hakuna njia nyingine. Mtoto si hivyo. Mtoto asiyesema ana kutaka na kukataa kama mimi na wewe, kinachokosekana ni njia ya kutokea. Na sisi wasaidizi, kwa huruma yetu, tunaweza kumsaidia miaka kumi bila kumuuliza hata siku moja, kwa kuwa tumeshaamua kwamba lengo ni asikike kama sisi. Watu wazima wenye kigugumizi siku hizi wapo wanaosema wazi: sitaki kutibiwa mpaka nifanane nanyi, nataka mnisikilize nilivyo. Wakisema hivyo wanasikika kwa sababu ni watu wazima. Mtoto wa miaka minne atasemaje?

Kwa hiyo mimi naona kabla ya neno la kwanza, kabla ya "mama" na "maji", mtoto anapaswa kupewa njia ya kusema sitaki. Kwa mkono, kwa picha, kwa chochote. Bibi alipinga sana mambo ya picha. "Mtamzoeza uvivu, atakuwa bubu kweli." Hofu hiyo ipo kila mahali, wataalamu wameichunguza, na hawakuona kwamba ishara na picha zinazuia usemi, kwa watoto wengine usemi huongezeka kidogo. Dada alinunua manila, akachora mwenyewe vitu saba: uji, maji, mpira, kitanda, choo, redio, na uso wa bibi. Uchoraji wake ni wa kusikitisha, redio imefanana na tofali. Akazikata, akazitia kwenye kopo la maziwa karibu na mlango.

Wiki mbili mtoto alizitafuna tu. Ya tatu akaleta picha ya mpira kwangu. Siku nyingine bibi alipokuwa anamlisha uji, akanyanyuka, akaenda kwenye kopo, akapekua, akaleta picha ya uji akaiweka mbele ya bibi, kisha akaigeuza ikalala kifudifudi, akaikandamiza chini kwa kiganja. Bibi akaitazama picha. Akaitazama bakuli. Akaweka kijiko chini.